Kiti cha Mbele cha Mama Assia

Montréal, 12 Februari 2000

Dada yangu Mwanasiti,

Assalaam alaykum. Barua hii nimeiweka mkononi mwa Léonce, yule muuza vitenge aliyekuja kumtembelea nduguye, na namwomba Mungu iwakute wazima, wewe, shemeji Amissi na watoto. Mimi mzima. Theluji imefika dirishani na kazi ni ile ile.

Mungu amrehemu Baba. Ulipopiga kutoka kwa jirani laini ilikatika kabla sijasema chochote. Tumemsomea hitma hapa msikitini na Wasenegali. Hawakumjua, lakini walisoma mpaka mwisho.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mama hawezi kuendelea kukaa hapo Buyenzi. Kila nikifungua redio nasikia waasi wa Burundi walioko kwenye milima inayozunguka mji wamepiga tena. Nimeamua aje kwangu, na nimeamua aje kwa klasi ya biashara, ile ya mbele kabisa yenye pazia. Usicheke. Miguu yake inavimba akikaa kwenye teksi ya kwenda soko kuu, sembuse kuvuka bahari. Mimi mwenyewe mwaka wa tisini na tano nilitoka bandarini hapo katikati ya magunia ya kahawa, na mpaka Kigoma sikuweza kunyoosha goti. Nilijiapia kwamba Mama hatasafiri amekunjwa.

Nimefanya utafiti. Njia ni tatu. Ya kupitia Brussels ina kiti kipana kinacholala nyuma mpaka unaona dari, na kijibao kinainuka kubeba miguu. Chakula kinakuja sahani moja baada ya nyingine, na soksi unapewa. Ya kupitia Addis kiti ni chembamba kidogo, ila mlo wa Kiislamu upo na wahudumu wana adabu kwa wazee. Ubaya wake ni kubadilisha ndege mara nyingi. Ya kupitia Nairobi itupe. Kila kitu ni cha katikati, na Nairobi penyewe ni makelele tu.

Najua huko kwenu mtasema ndege ni ndege. Nyie mmezoea kupanda chochote kinachoondoka. Lakini muulize Mama mambo mawili tu: anataka dirishani au kwenye njia, na kuku au samaki?

Nduguyo,
Massoudi


Buyenzi, 9 Machi 2000

Kwa mdogo wangu Massoudi,

Waalaykum salaam. Sisi wazima kwa kadiri ya mji huu. Amissi anahema, gereji inahema, watoto wamerudi shule baada ya wiki ambayo barabara ya kule ilikuwa haipitiki. Mama anakusalimu. Anauliza kama unavaa kofia.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikitafuta mahali ulipouliza kuhusu mazishi ya Baba. Nimepata soksi. Nimepata kuku na samaki. Nimepata kijibao cha kubeba miguu. Basi kwa kuwa hukuuliza, nakueleza. Tulimzika siku ile ile, haraka, kabla ya saa ya kufunga mji. Wapagazi wa bandari aliofanya nao kazi miaka yote walikuja na nguo za kazi, maana hawakuwa na muda wa kubadilisha. Jeneza nalo lina mbele yake, Massoudi. Pale mbele hushika mtoto wa kiume. Alishika Amissi, fundi wa magari, mikono bado ina grisi. Nafasi ilikuwa yako na wala haikuhitaji tiketi.

Mbona hukuja? Sikulaumu kwa siku ile, ndege haziruki kwa kupigiwa mluzi. Nauliza wiki zilizofuata.

Na hilo la klasi ya biashara, Mama anafanya biashara gani? Alikaanga maandazi akaacha tangu mafuta yalipopotea madukani wakati wa vikwazo. Au watamruhusu akaange huko mbele nyuma ya pazia?

Kubwa zaidi: Mama yuko eda. Neno hili bado lipo kichwani mwako, au limefunikwa na theluji? Mjane hatoki nyumbani mpaka miezi minne na siku kumi zitimie. Amevaa nyeupe, hajipaki kitu, hata kwa mama Shakuru hapo ukuta wa pili haendi. Wewe unataka aende Kanada. Ulisoma chuo ukiwa mtoto na bakora ulichapwa. Nashangaa bakora ziliingia wapi.

Dirishani au kwenye njia, nimemuuliza kama ulivyotaka. Amejibu: "Mi niko mu nyumba ya mume wangu. Mwambie nimekaa kwenye mukeka."

Dada yako,
Mwanasiti


Montréal, 2 Aprili 2000

Dada Mwanasiti,

Salaam nyingi. Nashukuru kwa habari za mazishi. Mwambie Amissi kwamba namshukuru. Mwambie pia Mama kofia navaa.

Barua yako ilikuwa na pilipili kama kawaida yako. Hujabadilika tangu ulipokuwa ukinifukuza na mwiko. Umezoea kudharau kila kitu usichokiona kutoka mlangoni kwako. Mtu akikuambia kiti kinalala, wewe unauliza kama kinakoroma.

Kuhusu kuja kwangu, kazi ni nyingi. Tuliache.

Kuhusu eda, sijasahau. Nimemuuliza mtu mmoja anayejua mambo, akasema kwenye hatari mjane anaweza kuhama. Chumba kipo hapa, kina mlango, kina pazia zito. Ataimalizia huku kwa utulivu kuliko hapo ambapo usiku mnalala chini ya vitanda. Sikungoja tena. Nimenunua. Tiketi iko ndani ya bahasha hii, imeandikwa jina lake, Assia, pamoja na karatasi za viza. Ni ile ya kupitia Brussels, na safari ni mwanzoni mwa Mei. Nimepigia simu ofisi yao mara nyingi mpaka yule binti wa upande wa pili ananijua kwa sauti. Nimeuliza kama blanketi ni la pamba au la sufu, maana Mama sufu inamuwasha. Nimeuliza kama kiti cha magurudumu kitamngoja mlangoni mwa ndege. Mlo wa Kiislamu nimeuandikisha, na nimesema kuku, kwa sababu samaki wao hawezi kulinganishwa na mukeke wa ziwa letu na atamdharau mbele za watu.

Kazi yako ni kumfikisha uwanja wa ndege tu. Hilo naamini hata gari la Amissi linaweza.

Massoudi


Buyenzi, 28 Aprili 2000

Mdogo wangu,

Tu wazima. Amissi alikuwa na homa, imepona. Gari lake unalolicheka ndilo lililobeba maiti ya Baba, kwa hiyo nakuomba ulicheke kwa sauti ya chini.

Tiketi imefika. Nzuri sana. Karatasi nene, inang'aa. Nimemsomea Mama barua yote, nikafika kwenye lile la kumalizia eda Kanada. Aliomba maji ya kunywa. Massoudi, eda si mzigo wa mkononi wa kupakia juu ya kichwa cha abiria na kuushusha mkifika. Huyo mtu wako anayejua mambo, mwulize kama anajua pia kwamba hapa Buyenzi mpaka leo hakuna aliyetutoa nyumbani. Hatari ipo, ndiyo. Juzi risasi zimelia upande wa Kinama na Carama mpaka alfajiri. Lakini Mama amelala chumba alichofia mumewe, na anataka kumaliza siku zake humo. Ni haki yake. Kama angekuwa mama wa mtu mwingine ungelielewa jambo hili kwa urahisi.

Nilikwenda mjini kwenye ajansi ya tiketi za ndege kuwarudishia hiyo karatasi inayong'aa. Kuna binti pale anaitwa Benite, kucha ndefu, anakutazama kuanzia kandambili kwenda juu. Nilijiandaa kugombana. Nikamwambia abiria hatasafiri, yuko eda. Akauliza eda ni shirika gani la ndege. Nikamweleza. Akaigeuza tiketi, akasema, "Tulia, mama. Hii ni tike ya mbele. Ya nyuma ikipitisha siku imekufa. Hii inangoja mwaka muzima, na mukiikataa kabisa wanarudisha makuta, pesa yote."

Niliudhika. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu yote tayari na yakakosa kazi. Nimesogeza tarehe, basi. Usidhani nimekubali.

Hukujibu swali langu. Kazi ni nyingi, umesema. Wakati wa kuuliza blanketi la sufu au la pamba unao.

Mwanasiti


Montréal, 20 Mei 2000

Dada,

Salaam. Natumaini mu wazima. Nimefurahi Amissi amepona.

Nitakuwa mfupi. Kwa nini unadhani nilichagua tiketi ya namna hiyo? Kwa ajili ya soksi? Nilijua uwanja wa ndege unaweza kufungwa asubuhi yoyote. Nilijua Mama anaweza kubadilisha mawazo akiwa ameshafunga sanduku. Nilitaka kitu kinachoweza kumngoja. Wewe umeona fahari tu, kwa sababu ndicho unachopenda kuona kwangu.

Na mimi nina swali lisilojibiwa. Katika barua zako zote sijasoma hata mara moja kwamba Mama amesema hataki kuja. Nasoma eda, nasoma mkeka, nasoma maji ya kunywa. Eda itakwisha mwezi huu. Baada ya hapo utasema nini? Mvua? Sema kweli, Mwanasiti. Anayemshika Mama kanzu ni nani?

Massoudi


Buyenzi, 17 Juni 2000

Mdogo wangu Massoudi,

Assalaam alaykum. Watoto wazima, Amissi mzima, na Mama ametoka eda. Wanawake walikuja, wakamwogesha, akavua nyeupe, akavaa kile kitenge cha kijani ambacho Baba alimletea kutoka Uvira. Akatoka mlangoni, akakaa kwenye kigoda, watu wa mtaa wakapita kumsalimu mpaka jua likamchoma. Amekonda. Lakini alicheka mama Shakuru alipomwambia kwamba sasa wataletwa wachumba.

Umeniuliza nani anamshika kanzu. Mimi. Nimemshika kwa mikono miwili. Wewe uliondoka na boti, Baba kaondoka, na wewe unaniandikia habari ya kijibao cha miguu kana kwamba unakuja kuchukua kabati. Usiku milima ikipiga, mimi na Mama tunakaa ukumbini, yeye anahesabu tasbihi na mimi namhesabu yeye. Akienda nitakaa na nani? Nakuandikia hivi mara moja tu, usinijibu kwa huruma, sitaisoma.

Ila sikumficha barua hata moja. Alipotoka eda nikamwuliza wazi, mbele ya Amissi awe shahidi. Nakuandikia maneno yake yalivyo, usije ukasema nimeyapika:

"Mi siende kuzeekea mu barafu. Apana. Bwana yangu iko hapa mu udongo, mutoto yangu wa kike iko hapa. Ule wa kule namutaka, namutaka sana, lakini namutaka na macho, simutaki na barua. Siende juu ya bahari. Muangalie kama hakuna mahali pa katikati."

Mahali pa katikati. Nikakumbuka kuna njia moja uliyosema tuitupe kwa kuwa kila kitu chake ni cha katikati.

Basi nikarudi kwa Benite. Ungeniona, Massoudi. Nimekaa pale kuanzia wafungue mpaka waende kula, nimelinganisha ndege mimi, mke wa fundi. Nimeuliza upana wa kiti. Nimeuliza ngazi za kupandia zina mkono wa kushikia au hazina. Nimeuliza blanketi. Benite alifika mahali akafunga macho. Hii ndiyo hesabu yangu: tiketi yako ya Brussels tunairudisha. Mama anakwenda Nairobi, wewe unakuja Nairobi. Binamu yetu Idi yupo pale Eastleigh ana nyumba, anawangoja. Mnakaa wiki mbili, mnatazamana mpaka mchoke, kisha kila mtu anarudi kwake.

Na Mama atakaa mbele. Nimesema mwenyewe. Safari ya Nairobi ni fupi, hata chai haipoi, na Benite alinicheka wazi kwamba watu hawanunui mbele kwa safari ya namna hiyo. Nikamwambia abiria huyu mwanawe alimtafutia kiti cha mbele tangu mwezi wa pili, na atakikalia. Kilichobaki kwenye hiyo pesa ni cha kukuleta wewe, nyuma.

Kama Nairobi nako kazi ni nyingi, usiniandikie tena.

Mwanasiti


Montréal, 8 Julai 2000

Dada yangu,

Nimesoma. Sijajibu kwa huruma, kama ulivyoagiza.

Nitakuja Nairobi. Karatasi yangu ya safari imeandikwa kwamba inafaa kwa nchi zote isipokuwa Burundi. Ndivyo wanavyompa mtu aliyeomba hifadhi kama mimi. Nikikanyaga hapo nimeipoteza na sina nyingine. Kwenye simu nilimwambia Baba mwaka hadi mwaka kwamba nitakuja sikukuu ya Idi ijayo, kwa sababu alikuwa akifurahi. Siku mlipomzika nilikuwa na begi mgongoni, sikuwa na pa kwenda nalo.

Sasa umejua. Mwambie Mama namngoja. Kiti changu nimepata, usiulize kiko wapi.

Massoudi


Nairobi, 23 Agosti 2000

Dada Mwanasiti,

Assalaam alaykum. Barua hii anakuletea Mama mwenyewe kesho, imo kwenye mfuko wake wa kanga pamoja na dawa za miguu, kwa hiyo ukiiona ina harufu ya karafuu usishangae. Idi na mkewe wanakusalimu. Wametulisha mpaka tumekoma.

Nikusimulie siku alipofika, maana yeye atakusimulia kwa kuruka.

Mimi nilitangulia. Nilikaa mstari wa mwisho kabisa, ule ambao kiti hakilali kwa sababu nyuma yake kuna ukuta wa choo. Kutoka Montréal mpaka Amsterdam, kutoka Amsterdam mpaka hapa, kila aliyekwenda kujisaidia aliniegemea bega. Uliwahi kutaka kuniuliza nimekaa mbele mara ngapi, najua uliliweka akiba. Sijawahi. Yote niliyokuandikia niliyasoma kwenye vitabu vya picha vinavyogawiwa bure, na kwa yule binti wa simu. Cheka sasa, halafu uendelee.

Nilisimama kwenye chuma cha kuzuia watu. Wa mbele ndio wanaotoka kwanza, kwa hiyo nikajua nitamwona mapema. Wakatoka wenye suti, wakaisha. Wakatoka wa nyuma, na mabegi yao, na watoto wao, wakaanza kuisha nao. Mama hayupo. Nilianza kukulaani wewe na Benite na kucha zake. Ndipo kikatokea kiti cha magurudumu, kinasukumwa na kijana wa uwanja, na kijana mwenyewe anacheka. Mama amekaa wima, kitenge cha kijani, kifurushi amekikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili. Kumbe alichelewa kwa sababu alikataa kushuka mpaka wamfungie chakula.

Dada, hakula. Walimwekea kitambaa cheupe, wakamletea kuku wake, mkate, wali kidogo, keki. Mhudumu akaja kuchukua sahani akakuta haijaguswa, akamwuliza kama anaumwa. Mama akamwambia, kwa Kiswahili chake kile kile, "Apana, sigonjwe. Mutoto yangu iko inaningoja. Unifungie." Wakamfungia.

Nilipiga magoti pale chini, watu wanapita juu yangu. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Amsterdam. Nilitaka kumwomba radhi ya Baba. Aliniangalia usoni, akanishika taya akaligeuza huku na huku kama anavyochagua ndizi, akafungua leso, akasema, "We, umekonda. Kula kwanza."

Nikala. Katikati ya uwanja wa ndege wa Nairobi, nimepiga magoti kwenye sakafu, na yule kijana wa kiti anangoja. Kuku amepoa, keki imepondeka kwenye wali, wali una harufu ya karafuu. Nililia kwa sauti, Mwanasiti, nikala mpaka mfupa, na yeye anafuta mdomo wangu na kona ya leso, anauliza kama huko kwa wazungu hakuna mtu wa kunipikia.

Tulipofika kwa Idi nilimwuliza kuhusu kiti. Nilitaka kujua. Kilikuwa kipana? Kililala nyuma? Kijibao kiliinuka?

"Kiti ilikuwa muzuri," akasema. "Lakini mwambie dada yako alikuwa na haki. Siku ya jeneza ya baba yako, hapo mbele ulikosekana wewe."

Kesho namrudisha kwako. Benite ameandikisha mbele tena, kwenye njia, kuku. Usiende na gari la Amissi likiwa na mafuta kidogo, na umngoje karibu na mlango, maana atatoka na kifurushi. Nimemkataza sana. Nimemwambia safari hii ale. Amenitazama tu.

Basi mkifika nyumbani, kabla hajalala, ule alichokuletea.

Mdogo wako,
Massoudi